Barabara ya Kitomanga Haikuwa na Habari Zako

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa mkekani, miguu nimeinyoosha, cherehani nimeifunika tangu asubuhi. Nguo za watu zimelundikana pale juu ya meza na leo sizigusi. Tangu ulipoondoka naamka nimechoka na nalala nimechoka. Watu wananiambia ni msiba, utapungua. Nami nawaitikia tu, sina nguvu ya kubishana.

Ulikuwa ukirudi safari unaniuliza, "Huku kumekwendaje?" nami nakumwagia kila kitu kabla hujavua viatu. Basi ngoja nikueleze.

Presha ilikuangusha jikoni, tukakuzika kesho yake adhuhuri, karibu na baba. Mitwero nzima ilikuja. Mjomba Bakari alisimamia kila kitu, mwanao Athumani alifika kutoka Dar na basi la usiku, macho mekundu, hakuweza hata kula. Simu yako haikuacha kulia siku ile, tukaizima, na Athumani alipoondoka akaondoka nayo mfukoni bila kukumbuka.

Kitu kimoja kilininyima raha. Watu wako wa barabarani hawakujua. Miaka yote hiyo umewapelekea ng'onda, samaki wako wa kukausha, kwa baiskeli, kutoka hapa mpaka Kitomanga, mwanamke peke yako na tenga nyuma, na siku unazikwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo.

Athumani alipopiga simu kusema amepata mtu wa kuinunua baiskeli yako, nikamwambia asubiri. Kwanza lazima mtu aende akawaambie.

"Si uwapigie," akasema.

"Nimpigie nani? Mimi nawajua kwa sura."

Nikapakia ng'onda waliobaki, nisiende mikono mitupu, nikatoka baada ya sala ya alfajiri.

Mama, mimi ni fundi wa kukaa. Ile barabara nimeipita nyuma yako nikiwa msichana, ukinifundisha, lakini kuipita peke yangu ni kitu kingine. Mpaka Kikwetu nilikwenda vizuri, upepo wa bahari ukinipiga ubavuni, mkonge wa zamani umesimama huku na huku. Nilikusikia unaniambia, "Usikazane mwanzoni, bado mchana mzima." Nilikazana hivyo hivyo. Basi lilipopiga honi nyuma yangu nikashuka kwenye lami haraka, kwenye mchanga, karibu nianguke na tenga. Hilo nalo ulilisema: basi lina haraka zake, usishindane nalo. Kile kilima ulichokuwa ukikiita Mama Mkwe, kwa sababu hakitaki nguvu, kinataka adabu, nilikipanda kwa miguu nikiisukuma baiskeli, na nilisimama mara nyingi. Sijui wewe ulikuwa unakipandaje na umri ule. Nilisimama pale katikati nikalia kidogo, kisha nikaendelea, maana jua lilikuwa linapanda.

Bi Zuhura wa chai, pale njia panda ya Mchinga, aliiona baiskeli kabla hajaniona mimi. "Leo Mama Somoe kamtuma mwanawe," akasema, akaanza kusuuza kikombe. Ikabidi niseme. Hakunishika mimi, Mama, aliushika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili akainamisha kichwa. Chai ikachemka mpaka ikamwagika.

Wale kina mama wa mashamba ya chumvi walikuita kwa mbali. Niliwaambia. Yule kaka wa kuziba pancha naye nikamwambia. Kila mtu alitaka kujua ilikuwaje, uliugua nini, ulisema nini mwishoni, na mimi nikarudia, na nikarudia. Kufika karibu na Kitomanga nilikuwa nimeuchoka mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nasema, "Amefariki, tumeshazika," kama mtu anayetaja bei sokoni, kisha napanda baiskeli.

Nilifika kwa Bi Sharifa, ulikokuwa ukilala, jua limegeuka. Alinipokea tenga, akanipa maji, na kabla sijafungua kinywa akamwita kaka yake, nyumba ya pili. Huyo kaka yake, Mzee Faraji, nilimjua kidogo tu, yule mkulima wa ufuta aliyefiwa na mke. Alikuja mbio mbio kwa namna ya mtu mzima, nguo za shamba mwilini, akisafisha mikono kwenye shati.

"Marahaba, mwanangu," akaniitikia. Halafu akakaa, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Umeleta jibu? Napiga simu, haipatikani. Nikasema labda watoto wamekataa."

Nikamuuliza, "Jibu la nini, mzee?"

Bi Sharifa akatazama chini. Mimi sikuwa na nguvu ya kutafuta maneno mazuri, nikasema lile lile nililosema njia nzima, kwamba umefariki, kwamba tumeshazika.

Alisema inna lillahi, akarudia. Kisha akauliza ni siku gani. Nilipomwambia akasema, "Siku hiyo nilipiga mpaka chaji ikaisha."

Basi ni yeye aliyekuwa akipiga, Mama. Ile simu tuliyoizima.

Alinieleza yeye mwenyewe, bila kuficha na bila kujisifu. Kwamba alikuposa baada ya mavuno, ukamcheka, ukamwambia akuache uuze samaki wako. Kwamba safari iliyofuata ukamwambia umekubali, lakini asiende kwa Mjomba Bakari kupeleka posa mpaka wewe ukae na sisi watoto wako utuambie kwa mdomo wako. Alinichukua akanionyesha nyumba yake. Ngazi za mbele amezivunja, ameweka mteremko wa saruji mpaka mlangoni. Akasema, "Alinipa sharti. Hataolewa mahali ambapo baiskeli inalala nje."

Nilicheka, Mama. Nilicheka mbele ya yule mzee aliyetoka kufiwa, kwa sababu nilikusikia kabisa ukiyasema maneno hayo. Naye akacheka, halafu akageukia ukutani.

Usiku nililala kwa Bi Sharifa mwili wote unauma na nikayaona mambo niliyopita nayo bila kuyatazama. Ile hina uliyoanza kupaka miguuni, ukasema inazuia ngozi isipasuke. Ulivyorudi kutoka Kitomanga umechoka, mgongo umeshika, na bado unaimba jikoni. Mimi nikadhani samaki wamekwenda vizuri. Sikukasirika. Niliumia tu kwamba ulikuwa na furaha ya namna ile na sikupata nafasi ya kukutania.

Asubuhi Mzee Faraji alinisindikiza kwa baiskeli yake. Tulikwenda yeye mbele, akinionyesha kwa mkono mahali lami ilipokatika ukingoni. Tulipofika mahali pa kuagana akashuka, akaniuliza, "Nikija kwenye arobaini, nitakaa wapi?"

Nilijua anachouliza. Kwa Mjomba Bakari yeye ni mtu asiyejulikana. Hakupeleka posa, hakuna aliyemsikia. Nikamwambia, "Njoo, mzee." Nilisema hivyo na sikujua nitafanya nini.

Alikuja. Alitoka kwake usiku, akapiga pedeli njia yote ile, akafika asubuhi suruali imejaa vumbi, nyuma kafunga gunia la korosho kwa ajili ya shughuli. Mjomba alimpokea mlangoni, akamsalimu vizuri, akamwonyesha turubai nje walikokaa majirani. Mzee Faraji akaelekea huko huko. Nilikuwa nimebeba sinia la vitumbua. Nililiweka chini.

"Mjomba," nikasema, "huyu akae ndani na nyie."

"Kwani huyu nani?"

"Ni mchumba wa mama. Alimkubali mwenyewe. Alikuwa anangoja kutuambia ndipo aje kwako kwa posa."

Unamjua kaka yako. Alinitazama kama nimemvua kofia mbele za watu. Akasema dada yake hakuwa mtu wa kufanya mambo njiani. Nikamwambia ni kweli, ndiyo maana alitaka yapite kwako. Sauti sikuishusha. Athumani, aliyekuwa amekaa karibu na mashekhe, akainuka akapita kati yetu akatoka uani, na mimi nikajua nimewapoteza wote wawili siku moja.

Wakasoma hitima. Mzee Faraji alisomea nje, mgongo umenyooka. Chakula kilipoletwa Athumani akatokea na birika na beseni. Hakuanza na mashekhe, wala hakuanza na Mjomba. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya turubai, akapiga magoti mbele ya yule mzee, akamwagilia maji mikononi.

"Shikamoo, baba," akamwambia. "Nawa, tuingie ndani."

Mjomba Bakari alimtazama akiingia. Kisha akavuta miguu yake, akamwachia nafasi kwenye mkeka.

Jioni Athumani alimpeleka kaburini kwako. Mimi nilibaki kuosha sufuria, sikutaka kuona. Waliporudi, Athumani alikuwa ameishika baiskeli ya mzee, anaisukuma, na wanazungumza habari za barabara, wapi pana mchanga, wapi pana mteremko mbaya. Habari za kuiuza ya kwako hakuzitaja tena.

Mama, sikuahidi kwamba nitaendelea na samaki. Magoti yangu siyo yako, na kazi yangu ni hii ya kukaa. Ila Idi ikifika, Athumani anashuka kutoka Dar, na tutakwenda Kitomanga pamoja, kumpa mzee mkono wa Idi kwa niaba yako. Hilo nakuahidi. Na kila mwaka, maadamu nina uhai, hatakaa Idi bila mtu wa nyumba hii.

Pumzika sasa. Mungu akulaze mahali pema, na hicho ulichotaka kutuambia, tumeshakisikia.

Mwanao,
Somoe