Kitenge Chekundu cha Ubatizo

Mama Brigitte mpendwa,

Nakusoma kila juma, mara nyingine nakubaliana nawe na mara nyingine nalitupa gazeti pembeni, lakini leo zamu yangu imefika, naomba unisikilize na usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni msichana mkubwa, naishi Nyakasanza na mama yangu, nauza sokoni samaki wakavu wanaotoka Mahagi-Port, na Jumapili ya mwisho wa mwezi huu nitabatizwa, tena si kwa kunyunyiziwa maji kichwani kama nilivyofanyiwa nikiwa mchanga, ni kwa kuzamishwa mtoni mzima mzima, na tangu nianze mafundisho kuna swali linalonisumbua kuliko yote aliyotufundisha Pasta Léon: mtu anavaa nini kuingia majini?

Usidhani natania, nimeuliza kila mtu na kila mtu ana jibu lake. Wengine wanasema nyeupe, lakini nyeupe ikilowa inakuwa kama haipo, mwaka jana dada mmoja wa kanisa la jirani alitoka majini na wanaume wote wakaanza ghafla kutazama milima. Mwingine alivaa sketi pana, aliposhuka ikapanda juu ya maji na kumzunguka kama mwavuli, mzee wa kanisa akawa anaikandamiza upande huu inapanda upande ule, na Pasta anaendelea kuomba. Je, kilemba kinaruhusiwa, au ni lazima maji yaguse nywele? Na nywele za bandia, zikichukuliwa na mto, inahesabika? Na je, naweza kuvaa kaptula ndani, au ndani kunatakiwa kuwe kama nilivyozaliwa? Nilimuuliza Pasta akasema, "Vaa ya heshima, binti," kisha akafungua wimbo, kwa hiyo bado sijui.

Zamani kanisa letu lilikuwa na kanzu za ubatizo, nzito, zenye mikono mirefu, lakini ziliporwa wakati wa vita na hazikurudi, na tangu hapo kila mtu anajitafutia. Sasa Mama Charlotte, shemasi wetu wa wanawake, alipata wazo, na wakati ule sote tulilipigia makofi, hata mimi. Alisema tushone sare, kitenge kimoja kwa wote, kama tunavyofanya kwenye harusi na matanga. Unajua darasa letu lilivyo, Mama Brigitte. Kuna sisi wa huku, na kuna wale waliokuja mjini kutoka upande ule mwingine wa vita, na ninayekaa naye benchi moja ni Jemima, kwao ni njia ya Aveba, na kwetu ni ng'ambo nyingine kabisa, nadhani unanielewa, sitaki kuandika zaidi. Mama Charlotte alituambia, "Tukivaa kikwembe moja, nani atajua huyu njo wa wapi na ule njo wa wapi?" Watu walilia siku hiyo. Kisha akasema rangi iwe nyekundu, kwa sababu damu ya Yesu ndiyo inayotuosha, na Kavira anayeleta vitambaa kutoka Butembo akatuletea, chekundu kabisa, kina njiwa wadogo weupe.

Mimi nina tabia ya kulowesha kitambaa kipya kabla ya kukipeleka kwa fundi, maana nimeshapata gauni lililorudi hadi magotini. Nikakiweka kwenye beseni uani, nikaenda kugeuza samaki, niliporudi nikakuta maji yamekuwa mekundu, mazito, njiwa nao wamekuwa wa waridi, na mama yangu amesimama juu ya beseni.

Akaniuliza, "Camille, hii maji ni ya nini?"

Nikamwambia, "Ni ya kikwembe, mama. Kile cha batisimo."

"Na mutaingia nacho ku mutoni? Benyewe bote?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa chini palepale, kwenye udongo, mama yangu asiyekaa hata kwenye mkeka ukiwa na vumbi. Akasema, "Basi weye enda tu. Mie nitabakia ku nyumba. Ile maji nilishaiona mara moja, siwezi iona tena."

Nakueleza ili uelewe. Vita ilipofika kwetu nilikuwa mtoto, tulivuka mto tukikimbia, na maji yalikuwa na watu ndani. Mama alinifunika kichwa chote kwa kitenge chake akanivusha hivyo, mimi sikuona kitu, nilisikia maji tu. Yeye aliona. Tangu siku hiyo hasogei karibu na mto wowote, hata nguo hufulia nyumbani kwa maji ya bomba. Sasa kuna amani, watu wanajenga, lakini mama ana furushi lake nyuma ya mlango, limefungwa tayari, akisikia mlio wowote wa ajabu analitazama, na ndani yake kiko kitenge kilekile, kimekunjwa vizuri, hajakivaa tena hata siku moja.

Kanisani kwetu unapotoka majini lazima mtu wa kwenu awe ukingoni na nguo kavu akufunike, ndiyo desturi, na aliyefunikwa na shemasi watu humhurumia. Mimi sina baba, sina dada. Nilimbembeleza mama tangu mwanzo wa mafundisho aje anifunike, alikataa, alikataa, mwisho akakubali, alikuwa ameshaanza hata kuuliza viatu gani vinafaa kwenye matope. Na sasa beseni limeharibu kila kitu.

Nifanye nini? Nikivaa sare, mama hatakuja. Nikivaa nguo nyingine, nitakuwa peke yangu kati ya wote, na watu watasema nimekataa kuvaa sawa na wale wa upande ule, na Jemima atafikiri hivyohivyo, na mambo ya namna hiyo mjini kwetu hayaishii kanisani. Nikimwambia Mama Charlotte, nitamwaibisha, alivyolipenda wazo lake. Mpaka leo sijamwambia mtu. Nilimwaga maji yale nyuma ya choo, nikaanika kitambaa chumbani.

Niambie basi, nivae nini?

Camille, Nyakasanza


MAMA BRIGITTE ANAJIBU

Camille, sikukucheka. Nadanganya, nilicheka kwenye ule mwavuli, na tena kwenye nywele za bandia. Baadaye nilifika kwenye beseni na nikaweka barua mezani nikaenda kutembea kidogo.

Tuanze na mepesi, maana umeuliza vizuri na wengi wanaona haya kuuliza. Hakuna andiko linalokuambia uvae nini. Heshima na akili yako ndivyo vitakavyokuongoza. Nguo nyeupe nyepesi iache. Chukua kitambaa kizito cha rangi ya giza, buluu au kahawia, ulichokifua mara nyingi mpaka hakina rangi ya kutoa tena. Gauni liwe la kukaa mwilini, si pana, na fundi akushonee upindo mnene wa chini, ukilowa unakuwa mzito na haupandi. Kaptula ndani, ndiyo, mpaka magotini, na sidiria ya giza. Kilemba kifunge vizuri, maji yatapita, hayahitaji kufunguliwa mlango. Nywele za bandia zibaki nyumbani, hereni pia. Na uende peku, viatu vya mtoni hubaki mtoni. Nimeuliza mapasta wawili niliokutana nao kama nguo ikibaki kavu mahali fulani ubatizo unaharibika, mmoja akacheka, mwingine akasema hajawahi kufikiri jambo hilo, naona sasa hapati usingizi.

Haya, tuache kaptula. Nina ugomvi na wewe.

Umeandika kwamba watu watasema, na Jemima atafikiri. Jemima huyu umekaa naye benchi moja tangu mwanzo wa mafundisho. Je, umewahi kumuuliza kama naye ana mama? Umeandika kuhusu mto kana kwamba mto ule ulipita kwenu tu. Binti yangu, watu waliokimbia wakitoka njia ya Aveba walivuka mito pia, na kuna waliofunikwa vichwa, na kuna waliokosa wa kuwafunika. Unafikiri Pasta akianza kuwazamisha mmoja baada ya mwingine na maji yakawa mekundu hadi kwenye mawe, ni mama yako tu atakayekaa chini kwenye udongo? Nusu ya ukingo itakaa chini, wa huku na wa kule. Wewe ndiye umejua mapema, na ulichofanya ni kumwaga maji nyuma ya choo! Hapo nimekukasirikia kweli.

Mama Charlotte simlaumu. Alitaka msitofautiane, na hilo ni jema kuliko mengi ninayoyasikia katika mji huu. Rangi ndiyo iliyomponyoka. Mtu mwenye moyo wa namna ile haaibiki kwa kuambiwa kitambaa kinatoa rangi, ataaibika mkimwacha agundue akiwa ndani ya maji mbele ya watu wote.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwanza kwa Mama Charlotte, nyumbani kwake, mkiwa wewe na yeye tu, beba beseni na kipande cha kitambaa. Usitoe hotuba. Weka kitambaa majini, msubiri, mtazame pamoja. Halafu mwombe ufanye hivyohivyo darasani, na yeye awe kando yako, ionekane mnafanya pamoja. Hutahitaji kueleza, kila mmoja pale ana macho na ana kumbukumbu zake. Ukimaliza kaa karibu na Jemima na umwache aseme anachotaka kusema, hata kama ni kirefu, hata kama kinakuuma. Ukitaka kujua anafikiri nini juu yako, hapo utajua, badala ya kuniandikia mimi.

Sare msiitupe. Mtoni kila mtu aingie na nguo kuukuu ya giza, wote, mkubaliane hivyo, basi hakuna aliyejitenga na mwenzake. Na kile kitenge chekundu mkiloweshe kwenye maji ya chumvi na siki, mkikaushe kivulini, mkishone, mkivae mezani baada ya ibada, mkiwa wakavu na wenye njaa. Njiwa wa waridi hawadhuru mtu mbele ya sahani ya wali.

Amebaki mama yako. Usimbembeleze tena, na usimwambie vita imekwisha, hilo atalijua mwenyewe siku yake. Mwambie tu kwamba sare haitaingia majini, na ni wewe uliyeizuia. Kisha mwombe kitu kimoja. Usimwombe aje. Mwombe akuazime kile kitenge kilichomo kwenye furushi nyuma ya mlango, kiwe nguo yako kavu. Mwambie mara ya kwanza alikufunika nacho ili usione mto, na sasa unataka ufunikwe nacho ukitoka mtoni.

Atakasirika labda. Wewe kauze samaki wako. Na jioni ukirudi, kabla hujavua viatu, tazama nyuma ya mlango. Ukikuta furushi limefunguliwa, mtafutie mama yako viatu vya matope.