Mluzi wa Wodi Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Mhandisi kaniita mbele za watu! Feni kubwa ya hewa inapanda juu ya wodi mpya ya wazazi. Anataka kujua mapema kelele itakayofika chini. Kipima sauti chake kimekufa. Basi, sikio langu, mimi waniitaye Fundi Masikio, linatosha. Linatosha sana! Nimefunga mitambo migodini, melini, hoteli za matajiri. Nikaiwasha hapo chini kabla haijapandishwa, nikasikiliza, kichwani nikapunguza kelele itakayomezwa na zege na dari. Itafika kama shangazi anayenong'ona, nikasema. Akaandika.

Jumatano, 5 Machi
Mama watoto analalamikia mbu. Mimi siwasikii hata mmoja. Wakipita kwangu wanavua viatu, nimemwambia. Akacheka huku anajikuna. Siku hizi anaongea maneno nusu, mengine anameza.

Ijumaa, 7 Machi
Babu mimi! Binti kajifungua wa kike. Kalazwa wodi mpya, chini ya feni YANGU. Manesi wote wameshajua ni yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Binti hajalala. Mtoto ananyonya kidogo, anashtuka, analia. Wamemziba pamba masikioni.
"Baba, huo mluzi! Unachoma kama sindano."
Mluzi gani? Nikasimama chini ya tundu la hewa. Ngurumo laini tu — shangazi wangu yuleyule. Nikamtania kwamba uchungu umempanda kichwani. Hakucheka. Kitanda cha pili, cha tatu, kila mzazi anatazama tundu lile lile. Nesi kajishika sikio. Aliyekuwa anatabasamu ni mimi peke yangu.
Nikapanda juu, nikakaza kila nati. Nikashuka. Sikuuliza kama umeisha. Nikaangalia nyuso zao.
Haujaisha.

Jumapili, 9 Machi
Mhandisi kapiga asubuhi. Wanafunga feni nyingine, juu ya chumba cha watoto njiti. Nikasikilize kwanza — nikisema sawa, inapanda leo leo. Nimemwambia nitampigia.
Sijampigia. Jioni sasa, nimekaa kibarazani. Mbu katua mkononi. Nikauinua mkono polepole, yeye juu yake, mpaka sikioni. Akaruka — nimemwona kwa macho.
Kimya.
Nikahamia sikio la pili, nikangoja mwingine. Kimya.
Mama watoto kasimama mlangoni na simu yangu. Kioo kinawaka. Mdomo wake unacheza. Nadhani anasema, pokea basi, ni mhandisi.