Mbwa Katikati Yetu

KITUO CHA POLISI TARRANT CREEK
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mervyn Tulloch
Umri: Miaka 63
Kazi: Afisa wa nyanjani, Shirika la Ardhi la Mto Tarrant
Makazi: Mtaa wa Reserve, Tarrant Creek, Australia Magharibi
Tarehe na mahali: Jumatano, 3 Oktoba 2007, saa tatu asubuhi, chumba cha nyuma cha kituo
Mwandishi wa maelezo: Konstebo R. Hartigan

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeambiwa niseme kweli tupu, nami sina nyingine. Kabla afande hajaanza kuandika nilimwomba mambo mawili. La kwanza, afunge mlango, kwa sababu mama mkwe wangu yuko hapo mapokezi pamoja na binti yake, nami namsikia akimgombeza mbwa. La pili, asinilazimishe kumtaja jina. Mkwe hatajwi jina. Nitasema "mkwe wangu", na itatosha.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili katika shirika. Kazi yetu ni kuwasimamia wenye nchi, yaani sisi weusi wa asili wa hapa, tunapodai mahakamani ardhi ya mababu zetu. Mawakili wanaandika. Mimi naendesha gari, napanga viti, nachemsha chai, nawatafuta wazee waliojificha wasihojiwe. Kesi hii imechukua miaka tisa. Wazee walioianzisha tumewazika wote, amebaki mkwe wangu peke yake. Ndiyo maana mahakama imekubali hakimu aje mwenyewe Ijumaa hii, akae kando ya maji ya Yarrinjil, amsikilize palepale. Mambo ya Yarrinjil hayasemewi mjini. Kuyasemea ofisini ni sawa na kumsengenya mtu ambaye hayupo.

Mnamo siku ya Jumanne, tarehe 2 Oktoba, saa moja asubuhi, tulimchukua mkwe wangu kutoka nyumba ya wazee. Msimamizi aliambiwa kwamba tungemrudisha saa saba mchana, kwa chakula na dawa. Tulitaka aende Yarrinjil achague mwenyewe viti viwekwe wapi. Magari yalikuwa mawili. La mbele aliendesha wakili wetu, Philippa, binti wa Melbourne, ana moyo mzuri ila anaendesha kama aliyechelewa harusi yake. La nyuma niliendesha mimi, mke wangu Noreen yuko pembeni yangu, na mkwe wangu kiti cha nyuma pamoja na mbwa wake, Sosi. Kati ya viti nilikuwa nimetundika shuka. Kioo cha kutazamia nyuma nilikigeuzia juu. Gari lile la ofisi limejaa matundu ya kutundikia shuka hiyo. Mhasibu amelalamika, nami nimemwambia alalamike tu.

Afande ameuliza shuka ni ya nini. Andika basi. Kwetu mtu na mama wa mke wake hawatazamani usoni, hawasemezani, hawagusani. Si chuki, afande. Ni heshima, tena hatuna kubwa kuliko hiyo. Yule mama amenipa mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nitamlipa nini? Namlipa hiyo. Nimemuoa Noreen miaka thelathini na tisa, na mkwe wangu namjua kwa nyayo zake na sauti yake. Afande ameniomba nieleze sura ya mama huyo. Sura yake siijui.

Saa nne hivi tulikuwa tunavuka mto mkavu, bado kidogo tufike. Gari la Philippa lilipita. Langu likazama mchangani mpaka tumboni. Kamba ya kuvutia ilikuwa imebaki ofisini, na mimi ndiye niliyeiacha, kwa hiyo Noreen alinipa maneno yangu hapo hapo. Ikabidi Philippa aende ranchi ya jirani kuomba trekta. Peke yake asingefika, na angefika wasingemfungulia geti, maana mawakili hawapendwi kule. Binamu yake Noreen anafanya kazi pale, kwa hiyo Noreen alitakiwa kwenda naye.

Noreen akasita. Akasema, "Sasa nani atakaa katikati yenu?"

Mkwe wangu akamjibu kutoka nyuma ya shuka, "Sosi yupo. Nendeni bwana, mnanizidishia joto."

Wakaenda. Walisema watarudi baada ya saa moja. Kumbe mbele huko walipasua matairi mawili, wakabaki wanatembea kwa miguu, na simu ya satelaiti ilikuwa mfukoni mwa Philippa bila chaji. Sisi hatukujua hayo. Tulingoja.

Nieleze tulivyokaa, maana hilo ndilo lililonileta hapa. Nilitandaza turubai kutoka ubavuni mwa gari, lifanye kivuli. Mkwe wangu alijifunika blanketi kichwani ili nipite, nami nilipita kinyumenyume. Akakaa kivulini. Mimi nilikwenda kukaa mbali kidogo, pale ambapo mbwa akibweka nitasikia, nikampa mgongo. Maji nilikuwa nayapeleka hivi: naweka kikombe juu ya jiwe, nagonga kopo langu la kunywea mara mbili, naondoka. Yeye anakuja, anakunywa, anagonga kopo lake. Nami nikinywa nagonga langu. Jua likihama, anajifunika, naenda kuhamisha turubai. Upande wangu hapakuwa na mti. Ulikuwepo mmoja, lakini kutoka pale ningemwona.

Baada ya muda nikamsikia, "Sosi, hebu nitazamie. Yule mtu wa upande ule amekunywa maji, au anangoja akauke mwanangu abaki mjane?"

Mimi maisha yangu yote sijawahi kuongea na mbwa, zaidi ya kumfukuza jikoni. Lakini pale hapakuwa na Noreen. Nikasema, "Sosi, mwambie bibi yako nimekunywa."

"Sosi, mwambie mwongo huyo. Masikio ninayo. Kopo lake halijalia."

Nikanywa. Nikagonga kwa nguvu, asikie. Baadaye kopo la kwake likalia, nikaenda kwenye jiwe nikakuta mkate wa majivuni, nyama ya kopo, na kofia yake ya majani aliyoshona mwenyewe ukingo. Niliivaa. Ina maua. Rubani wa helikopta iliyotukuta baadaye aliniona nimeivaa na sioni haya.

Alasiri nikahamisha turubai tena. Kisha mkwe wangu akasema taratibu, "Sosi, asubuhi nilipoamka jina la dada yangu lilikuwa limenipotea. Nimelitafuta tangu chai. Likanirudia tulipopita kile kisima chenye pampu ya upepo. Sasa Ijumaa itakuwaje? Hakimu amekaa, watu wote wamenitolea macho, nikifungua mdomo nikute hamna kitu? Watasema kizee hiki hakijui kwao. Wenzangu wote wamekufa wananitegemea mimi, Sosi, na mimi ndiyo hivi." Akalia.

Sikuwahi kumsikia akilia nje ya msiba. Afande, wewe una mkwe? Mama wa mke wako analia nyuma yako, na wewe ukigeuka umemvunjia heshima, kitu pekee kilichobaki. Nililia na mimi. Andika, usiruke.

Halafu nikasema, "Sosi, mwambie bibi yako asiogope. Ijumaa nitakaa nyuma ya gari, nimempa mgongo kama sasa. Maneno yake siyajui yote, na hata ninayoyajua si yangu kuyasema. Lakini akinyamaza kwa kupotea, nitakohoa. Akisikia hicho kikohozi ajue yuko kwake na watu wake wapo. Basi. Yatarudi yenyewe."

Sijui kama sheria yenu inaruhusu shahidi akoholewe. Nimemuuliza Philippa, amesema ataangalia vitabuni.

Mkwe wangu akapenga kamasi. Akasema, "Sosi, mwambie akohoe kama mwanamume, asikohoe kama paka."

Nikakohoa, kumwonyesha.

"Hapo sawa," akasema. Kisha akaanza. Aliisema Yarrinjil yote tangu mwanzo, nani aliyachimba yale maji, nani analala ndani yake, na mama yake alimzalia upande gani. Mara mbili alisita, mara mbili nikakohoa, akaendelea. Hayo sitayaweka kwenye karatasi ya polisi. Nitasema lile ambalo hata watoto wanalijua, kwamba ukifika pale unaokota jiwe, unalipitisha kwapani lipate jasho lako, unalitupa majini na kusema wewe ni nani. Hakimu naye atatupa, tumeshamwambia. Alipofika mwisho akasema, "Sosi, yule mtu wa upande ule, mgongo wake naujua miaka mingi kuliko nilivyomjua mume wangu. Ni mgongo mzuri. Mwanangu hakupotea." Nikagonga kopo.

Saa kumi kasoro helikopta ya kuswagia ng'ombe ikatua. Nyumba ya wazee ilikuwa imepiga simu polisi kwamba mama hajarudi, na polisi wakamwomba rubani atazame. Alishuka akaniona mimi juani na mkwe wangu kivulini, nimempa mgongo. Akanifokea, "We mzee, una roho gani? Umemtelekeza bibi wa watu hivi, hata kumshika mkono huwezi?"

Nikamwambia, "Siwezi. Ndiyo maana yuko hai na ameshiba."

Hakuelewa, akatuitia msaada kwa redio, kisha akaenda kuripoti alichokiona. Simlaumu. Ni kweli alichokiona, nilikuwa nimempa mgongo. Lakini nami nina neno. Kikao kilichopita wakili wa serikali alisimama akasema mila zetu zilikufa siku tulipoletwa mjini kwenye nyumba za bati, kwamba leo tunaimba tu mbele ya hakimu ili tupewe ardhi. Jana mtoni hapakuwa na hakimu. Hapakuwa na mtu. Ningegeuka nani angejua? Tungekaa wote kivulini tukala mkate kama watu wa kawaida. Mtu pekee aliyetuona ni yule rubani, naye alidhani tumegombana. Namwomba aende amwambie wakili wa serikali hivyo hivyo alivyowaambia ninyi, asipunguze neno.

Msimamizi wa nyumba ya wazee amesema mkwe wangu hatoki tena na shirika letu mpaka polisi waseme. Basi semeni. Ijumaa ni keshokutwa, na yeye hana Ijumaa nyingi.

Nimesomewa maneno haya yote. Ni yangu, sikulazimishwa, na sina la kuongeza wala la kupunguza.

(Saini) M. Tulloch

MAANDISHI YA AFISA

Mimi Konstebo R. Hartigan nathibitisha kwamba nimemsomea shahidi maelezo haya naye akatia saini. Kiti chake kiligeuziwa ukutani kwa ombi lake. Jina la mama mkwe wake sikuliandika, maana shahidi angeishika karatasi hii ili atie saini.

Baada ya hapo nilifunga mlango wa chumba cha nyuma, shahidi akiwa ndani, nikaenda mapokezi. Msimamizi wa nyumba ya wazee alikuwa amefika. Alidai kwamba mama huyo amechanganyikiwa, hajui anapelekwa wapi, na hawezi kujiamulia. Nilimuuliza mama mwenyewe, mbele ya msimamizi na mbele ya binti yake, kama Ijumaa anataka kwenda, na ni wapi.

Alijibu, "Nataka kwenda..." akanyamaza. Alitazama mikono yake. Binti yake alitaka kusema, msimamizi akamzuia, akaniambia, "Umeona mwenyewe." Tulingoja. Mbwa aliinuka akaenda kusimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma.

Nyuma ya mlango shahidi alikohoa.

Mama huyo aliinua uso, akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "Yarrinjil. Nakwenda Yarrinjil, kwetu, alikonizalia mama yangu. Na huyu msimamizi akitaka naye aje, ila alete jiwe lake."

Sijaona kosa lililotendwa. Mama huyo yuko huru kusafiri siku ya Ijumaa. Jalada nimelifunga. Kikohozi nimekiandika kwa sababu nilikisikia.

(Saini) R. Hartigan, Konstebo