Furaha Aachwe Alale

Mama Furaha,

Watu wengi hukosea hapa: wanadhani ugonjwa wa akili wa binti yetu hurudi kwa sababu ya huzuni. Wanamkataza kulia, wanaficha picha yako, kisha wanamwacha akeshe. Kwa Furaha, machozi si hatari. Hatari ni usingizi kukatika, halafu vidonge kusahauliwa katika vurugu za wageni. Nimelieleza hilo tangu ulipotutoka, na nimechoka, mke wangu. Nimechoka kweli.

Kwenye matanga yako mikeka ilitandikwa uani, kama desturi yetu, wanawake wakaimba mpaka asubuhi, usiku baada ya usiku. Nilitaka Furaha aingie ndani. Dada yangu akanikatiza mbele ya watu: "Papa Furaha, mutoto gani analala na mama yake hajazikwa? Majirani wa avenue nzima watatusema!" Nikaeleza. Wakaimba juu ya maelezo yangu.

Baada ya mazishi alianza kufua nguo za nyumba yote, kisha za majirani. Akaenda soko la Kituku, akarudi na samaki wa kulisha nusu ya mtaa. "Papa, miye niko bien, niko muzima! Sijawahi kuwa na nguvu hivi." Maneno yalikuwa yakikimbizana kinywani mwake. Tuliishia hospitalini. Amerudi sasa. Anatembea taratibu, na anawaonea haya wale aliowafulia.

Alhamisi nilimrudisha katika kikundi cha wagonjwa wenzake, kwenye ile sale, ukumbi wa parokia. Dada yangu nilimwomba aje pia. Somo lilikuwa lile ulilolipenda: kila mgonjwa ataje dalili yake ya kwanza, na mtu atakayemwambia ukweli akiiona. Yule motari, dereva wa pikipiki wa Rutshuru, bado anachekesha. "Miye ikianza, kila kliya mwenye anapanda ni kuzeni, ni ndugu yangu. Namubeba bure!"

Kisha muuguzi akamgeukia Furaha: nani atamwambia sasa?

Furaha hatusikilizi sisi wengine, unajua. Wewe ulikuwa unamshika bega tu, unasema, "Unakimbia, mwanangu," naye anakaa. Mimi naanza na sababu, na kabla sijamaliza ameshatoka nje. Na Jumamosi hii tunamaliza matanga. Mikeka itatandikwa tena.

"Shangazi," akasema.

Dada yangu akashtuka. "Miye? Miye niliyekukatalia kulala?"

"Ndiyo. Wewe ndiye wanakuogopa."

Kikundi kizima kilicheka, hata dada yangu. Halafu akauliza maswali mengi, kwa ukali wake ule, kuhusu vidonge na usingizi, na muuguzi akayajibu yote. Karibu na nyumbani akaniambia: "Jumamosi nyimbo zitaisha saa tatu ya usiku. Mwenye hataki, aende akaimbe kwake."

Sijui kama itatosha. Ila jana usiku, kwa mara ya kwanza tangu uondoke, sikuamka kusikiliza kama Furaha anatembea.

Pumzika, Mama Furaha. Nitaendelea kumpeleka kikundini hata akiwa mzima, hasa akiwa mzima, kwa sababu ndipo anaposikia.

Barua hii nitawasomea wenzake kikundini Alhamisi ijayo. Kwa hiyo wewe unayeisikiliza: leo, mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako dalili yako ya kwanza.