Bei ya Darubini ya Babu

Arusha, majira ya baridi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye shikamoo. Naomba barua hii iwakute wazima, na mtama umeshaingia ghalani kabla ndege hawajaumaliza. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Mimi sijambo. Baridi ya huku inang'ata, na kazi ya useremala imepungua tangu mwenye karakana alipougua, ila sijalala njaa.

Baba, ulinipa ile darubini ya Babu ya kutazamia kadi yenye picha mbili pacha, ukaniambia, "Ipeleke kwa wanaojua. Tupate bei yake, iuzwe, tugawane, ugomvi uishe." Nimeipeleka. Yupo mzee mmoja Mgoa hapa mjini, mpiga picha na fundi wa kamera. Aliigeuzageuza, akaikwaruza mbao yake kwa ukucha, akachungulia kwenye lenzi zake mbili, kisha akacheka kidogo.

"Hii ya kushoto siyo lenzi," akaniambia. "Mtu ameweka kipande cha kioo cha dirisha."

Kumbe ndiyo maana sote tulipochungulia tuliona picha mbili zinapishana badala ya kuungana kuwa moja, na kichwa kikauma! Nikamuuliza bei. Akanijibu taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba, kwamba zamani huko Ulaya vitu hivi vilikuwa vingi, karibu kila nyumba, na mbao ya hii imeshapasuka. Hawezi kuinunua.

Niliumia, Baba. Niliwaza miaka yote hii tangu matanga ya Babu, wewe hapo Sepuka na mdogo wako, Baba Mdogo Mughenyi, kule Mtinko, hamsemezani. Hata kwenye msiba wa Shangazi mlikaa pande mbili za uwanja. Kumbe ni kwa ajili ya kitu kisichouzika.

Nadhani yule mzee alinionea huruma. Alivuta mtoto wa meza, akapekua, akapata lenzi ya zamani, akaisugua kingo mpaka ikaingia. "Haya, tazama sasa."

Niliweka ile picha ambayo Mjerumani alimpiga Babu mbele ya tembe, enzi zile Babu alipokuwa akimbebea mizigo. Baba, picha ilisimama! Babu yuko mbele, ukuta uko nyuma, ungesema mtu anaweza kupita katikati. Na wewe, mtoto mwembamba uliye kando yake, siku zote tulisema umebeba kuni mgongoni. Siyo kuni. Ni mtoto mdogo. Kichwa chake kimelala begani kwako, na mkono wake umeshika sikio lako.

Nikamtumia Baba Mdogo salamu kwa dereva wa lori, nikamwomba aje. Unisamehe, sikukuuliza kwanza. Yeye alidhani naumwa. Alishuka amejaa vumbi, kibuyu cha asali kwapani, akanishika paji la uso kabla hata sijamwamkia. Nilimkalisha, nikampa darubini. Alitazama muda mrefu. Alipoishusha, ndevu zake zilikuwa zimelowa.

"Ulikuwa mwaka wa njaa," akasema. "Miguu yangu ilivimba, siwezi kutembea. Kaka alinibeba kila alikokwenda, hata malishoni. Mwanangu, nilikuwa nimesahau."

Nikamweleza alichosema Mgoa kuhusu bei. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa ameshairudisha machoni.

Nisalimie Bibi, mama yake Mama, umwambie blanketi lake nimeshalipata. Msalimie dada yangu na shemeji, na mwalimu wa kanisani aliyenifundisha kuandika hivi ninavyoandika.

Baba, aliyekukabidhi barua hii unamjua. Darubini ameifunga ndani ya shuka lake, hataki mwingine aibebe. Nilimwambia aingie tu, ni nyumbani kwa kaka yake, akakataa. "Nitampa barua, nisimame uani," alisema. "Akitaka nikae, mwenyewe atasema."

Safari ni ndefu, naye si kijana tena. Mwambie aketi.

Mimi mwanao anayewapenda nyote wawili,
Elia