Kengele Iliyosubiri Kompyuta Izimwe

Binamu,

"Mwongozo uko wazi, fundi ndiye hakusoma." Hivyo ndivyo ulivyowaambia wachunguzi wa kifo cha mama yako. Huku nyumbani goti la baba linamsumbua, na mdogo wangu, huyo fundi unayemlaumu, hali wala halali tangu tumzike mama yako.

Alisoma, binamu! Nilikuwa wodini kando ya kitanda cha shangazi, mama yako, mdogo wangu alipousoma kwa sauti mwongozo ulioandika wa programu ya kengele ya oksijeni: "Chaguo hili huifanya huduma ianze yenyewe." Akaandika amri, kompyuta ikakubali. Akamtania, "Shangazi, sasa hata sote tukikoroma, kengele italia."

Hamkuandika popote kwamba huduma, yaani hiyo programu ya kengele, haianzi papo hapo, bali husubiri kompyuta izimwe na kuwashwa tena. Kompyuta ya wodi haizimwi. Oksijeni ya shangazi ilipopungua, kengele haikulia.

Unasema kila fundi analijua hilo. Anayejua haandikiwi mwongozo!

Wewe na waandishi wenzako, ongezeni leo sentensi hii: "Chaguo hili haliianzishi huduma sasa, ianzishe mwenyewe." Kisha njoo, umtazame mdogo wangu machoni, umwambie kwamba hakumuua mama yako.

Ni mimi, binamu yako nisiyejua kunyamaza.