Gauni la Mlingoti

4 Machi

Kwako Boga wangu,

Pokea salamu za mama yako, fundi cherehani namba moja mtaa mzima. Mimi mzima, ila goti la kulia linaniuma nikikanyaga cherehani. Kifua chako je, kimepona?

Mchumba wako nimemwona kwenye simu, nimefurahi mno! Majirani nimewaambia: mwanangu anatengeneza lifti za maghorofa, na sasa kapata mke wa kufika ghorofa ya pili bila lifti. Shangazi yako kacheka mpaka kamwaga chai. Hata mwenyewe si nilimwambia? “Karibu mlingoti, utatufutia utando wa buibui bila ngazi.” Mbona hukumtafsiria? Na mbona simu ilikatika ghafla?

Nitumie vipimo vyake. Gauni la harusi nashona mimi, asiguse mtu.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Kifua kimepona. Simu haikukatika, niliikata mimi. Huku ughaibuni hatumcheki mtu maumbile yake. Kazini ukimwambia mwenzako kanenepa, unaitwa ofisini. Mchumba wangu amechekwa urefu tangu shuleni, sitaki achekwe na mama yangu pia.

Na hilo jina la Boga naomba liishe. Mimi ni mtu mzima. Kama utani hauachiki, harusi tutaifanya huku, peke yetu.

Mwanao

2 Aprili

Kwa Bwana Fundi wa Lifti,

Natumaini u mzima. Mimi pia ni mzima. Maelekezo yako nimeyapokea. Mpe mchumba wako heshima zangu. Endapo haitakuwa usumbufu, naomba vipimo vyake.

Baba yako mdogo anakusalimu. Nimemkataza kukutania.

Mzazi wako

20 Mei

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Barua yako nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali uliponicheka. Sikupaona. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimwandikia yule mwenye nyumba tuliyepanga kwake. Nimeogopa, mama. Nimekuwa mgeni kwenu?

Mchumba wangu aliona nimepoa, akaniuliza. Nikamtafsiria barua zote, na mlingoti pamoja na utando wake. Nikasubiri anune. Akauliza, “Mama yako ana urefu gani?” Nikamwonyesha hapa kifuani. Akasema niandike neno kwa neno: “Utando nitaufuta, ila mama mkwe avae kengele, nisije nikamfagia na yeye.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumbuki lini nimecheka hivyo tangu nije huku. Anasema shuleni walimcheka wakakimbia. Wewe ulimcheka ukabaki unamtazama, unasubiri jibu. Kilichomuudhi siku ile ni mimi, kukata simu badala ya kumtafsiria ajibu.

Vipimo viko nyuma ya karatasi hii.

Wako, Boga

7 Juni

Boga, Boga, Boga!

Goti limepona lenyewe. Kengele! Hilo neno nimelisoma kwa sauti barazani, shangazi yako kamwaga chai tena, safari hii kwenye kitambaa changu.

Sasa mwambie hivi: nilipoona vipimo vyake nilidhani umeniandikia namba ya simu. Nimekwenda dukani, muuza vitambaa kaniuliza kama nashona mapazia ya ukumbi. Nikamwambia, “Shika adabu yako! Huyo ni mkwe wangu, wa kumcheka ni mimi tu.”

Njooni. Fundi seremala keshakuja kupima mlango.

Mama yako, nimeshavaa kengele